Programu kumi na moja kwenye simu, na bado chanjo ya kuku imesahaulika

Barua hii imetoka kwa mwalimu wa sekondari anayeishi Soweto, Moshi. Anafundisha Historia na Kiswahili, ni katibu wa kikundi cha VICOBA, anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, ana mume na watoto wawili, na mwaka huu amejisajili shahada ya uzamili Chuo Kikuu Huria. Anasema amepakua programu kumi na moja za kupanga kazi, na kila moja ameiacha kabla wiki haijaisha. "Mwezi uliopita nilisahau chanjo ya kuku, nikachelewesha maswali ya mtihani wa ndani, na mwanachama mmoja akalalamika kikaoni kwamba rejesho lake sikuliandika. Nitajie zana za mtandaoni zinazofaa kweli, zisizomaliza bando. Na ile mbinu ya kufanya kazi dakika ishirini na tano kwa mkupuo, inafaa? Na ile programu moja inayotaka nilipie kila mwezi, nilipie?"

Mwalimu, pole na majukumu. Kwa mzigo huo, chanjo moja kusahaulika ni kidogo.

Nianze na hizo kumi na moja, maana ukijua kwa nini zilikushinda hutapakua ya kumi na mbili. Katika ulizonitajia zimo Todoist, Trello, Microsoft To Do na Notion. Hakuna mbovu hata moja, na nawafahamu watu wanaozitumia vizuri sana. Lakini watu hao wana kitu ambacho wewe huna: wanafika kazini asubuhi, wanakaa mezani, wanatazama kazi ishirini zilizo mbele yao na kuamua wenyewe waanze na ipi. Trello ni ubao wa kadi zinazohamishwa kutoka safu moja hadi nyingine, nayo inapendeza pale watu watano wanapoendesha mradi mmoja. Wewe unaamuliwa na kengele. Mpaka saa tisa mchana siku yako imeshakatwa vipande na ratiba ya shule, na ukitoka hapo kuna kuku, watoto na kikundi. Orodha ya kazi inakuonyesha yanayokusubiri, lakini haisemi utayafanya saa ngapi. Ndiyo maana siku ya nne ukiifungua unakuta mistari thelathini, roho inakataa, unaifunga na hurudi tena.

Mtu ambaye saa zake zimeshapangwa na wengine anahitaji kuona nafasi zilizobaki katikati. Kitu kinachoonyesha nafasi ni kalenda. Hilo ndilo jibu langu kubwa, na mengine yote nitakayosema ni nyongeza yake.

Tumia Google Calendar. Ipo tangu 2006, ni ya bure, na kwenye simu nyingi za Android unaikuta tayari imo. Ikishaungana na mtandao mara moja, inaendelea kufunguka bila bando, na vikumbusho vinalia hata data ikiwa imezimwa. Usiogope kwamba itakula kifurushi. Maandishi matupu hayali chochote cha kuhesabu. Kinachokula ni video za kwenye magrupu, na huko tutafika.

Kabla hujaingiza tukio hata moja, iweke simu isome saa ishirini na nne. Siku yetu inaanza jua linapochomoza, ya kalenda inaanza usiku wa manane, na hapo ndipo vikumbusho vya watu wengi huku kwetu vinapopotelea. Mtu anaambiwa kikao ni saa nane mchana, anaandika 8, simu inamlilia saa mbili asubuhi akiwa darasani. Ukiwa na saa ishirini na nne hesabu ni rahisi: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni unajumlisha sita, kuanzia saa moja hadi saa tano usiku unajumlisha kumi na nane, na kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri unatoa sita. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa nane mchana ni 14:00, saa moja jioni ni 19:00. Baada ya wiki moja mkono unazoea. Na kama siku moja utaalikwa kwenye semina ya mtandaoni inayoendeshwa kutoka Ulaya, usihesabu kwa vidole: wenzetu hubadilisha saa zao mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, sisi hatubadilishi. Mwaliko uliotumwa kwa kalenda unajigeuza wenyewe kuwa saa za Tanzania.

Sasa uingize nini. Watu wengi huanza na miadi ya wiki hii, wakimaliza wanaona kalenda nyeupe na wanaisahau. Anza na vinavyojirudia. Vipindi vyako usiviandike kimoja kimoja na mada zake. Weka vipande vya muda tu, "4B na 3A", vijirudie kila wiki hadi muhula ufungwe. Kikao cha VICOBA, kila wiki. Zamu yako ya shule. Ada za watoto. Ukimaliza hapo, itazame wiki nzima kwa pamoja. Utaona mashimo, na mashimo hayo ndiyo mali yako yote: pengine Jumanne una vipindi viwili vya wazi vinavyofuatana, Alhamisi una kimoja, na Jumamosi asubuhi kabla watoto hawajaamka una saa moja na nusu. Yape majina. Usiandike "kusahihisha" kwenye orodha ikae inakutazama. Andika Jumanne 10:40, "madaftari ya 3A, nusu ya kwanza". Kazi isiyopata shimo wiki hii haitafanyika wiki hii, na ni heri uijue Jumatatu kuliko kuumia nayo Ijumaa usiku.

Chanjo ya kuku nayo ina somo lake. Chanjo ya kideri hurudiwa kila miezi mitatu, kwa hiyo kukumbuka si shida, kalenda itakukumbusha hadi uchoke. Shida ni kwamba kikumbusho kinacholia siku yenyewe asubuhi hakikusaidii: chanjo inatakiwa iagizwe duka la mifugo, ibebwe kwenye ubaridi, na chupa ikishafunguliwa haikai, tena dozi zake ni nyingi kuliko kuku wako, hivyo inafaa upatane na jirani anayefuga. Tukio moja basi liwe na vikumbusho vitatu: wiki moja kabla, uongee na jirani, siku mbili kabla, uagize, jioni ya kuamkia, uandae. Google Calendar inaruhusu vikumbusho zaidi ya kimoja kwa tukio moja, ila wengi hawajui kwa sababu kinachokuja chenyewe ni kile cha dakika thelathini. Maswali yako ya mtihani wa ndani yanakwenda kwa mtindo huohuo. Tarehe ya kuwasilisha si tarehe ya kazi. Tarehe ya kazi ni lile shimo la Alhamisi, wiki mbili kabla.

Halafu fungua kalenda ya pili ndani ya akaunti ileile, iite "Nyumbani", na umshirikishe baba watoto. Yeye ataona siku ya kikao cha wazazi na siku unayorudi usiku, bila kuona mambo yako ya shule. Unaweza pia kuongeza kalenda ya sikukuu za Tanzania inayotolewa na Google yenyewe, ila kwa Idi zote mbili usiiamini moja kwa moja: tarehe zinawekwa kwa makadirio, na mwezi ukiandama tofauti siku inasogea.

Orodha sijaikataza kabisa. Kuna mambo hayana siku, kama kutafuta fundi wa banda au kumpigia shangazi. Hayo yaweke Google Tasks, ambayo inaonekana humohumo kwenye kalenda. Isizidi urefu wa kioo cha simu. Ikizidi, kuna mambo unajidanganya kwamba utayafanya.

Tuje kwenye mahali kazi zako zinapotokea kweli, yaani WhatsApp. Hukuitaja hata mara moja katika zile zana kumi na moja, wakati maelezo yako yote yanaihusu: mkuu wa idara aliomba maswali kwa WhatsApp, mwanachama alituma ujumbe wa M-Pesa kwa WhatsApp, na picha ya tangazo la chuo uliipata kwa WhatsApp ukaipiga skrinishoti ambayo sasa hujui iko wapi. WhatsApp ni stendi: kila kitu kinashukia pale, lakini hakuna mtu anayehifadhi mzigo wake stendi. Kosa lililopo ni kuutazama ujumbe, kujibu "sawa", kisha kuuacha humo ukitegemea utaukumbuka. Ukishausoma, ile rangi ya ujumbe mpya imepotea, na juu yake zimeshafika salamu za asubuhi arobaini.

Kanuni yangu hapa ni kali na sioni haja ya kuilegeza: ujumbe wenye kazi ndani yake hauachwi WhatsApp. Kabla hujajibu "sawa", bonyeza, nakili, toka nje, bandika kwenye kalenda kwa siku husika, ndipo urudi kujibu. Ni nusu dakika. Kama uko njiani kwenye daladala na huwezi, utume kwenye gumzo lako mwenyewe. Tangu mwishoni mwa 2022 WhatsApp inakuruhusu kujiandikia. Libandike gumzo hilo juu kabisa, na kila jioni ulimalize lote hadi liwe tupu. Zile nyota za kuweka kwenye ujumbe sizipendi kwa kazi ya namna hii. Watu huweka nyota mia mbili na hawarudi kuziangalia.

Magrupu sasa. Una ya shule, ya idara, ya kikundi, ya jumuiya, ya ukoo, ya wazazi wa darasa la mtoto, na kama kawaida yetu kamati za harusi tatu ambazo mbili kati yake harusi zimeshapita na watu bado wanatumiana picha. Kujitoa ni vita, najua. Huna haja ya kujitoa. Yanyamazishe daima, kisha yaweke kwenye kumbukumbu, ile sehemu ya "Archived". Siku hizi grupu lililowekwa humo linabaki humo hata ujumbe mpya ukiingia, mradi mipangilio ya gumzo imeruhusu. Bakiza mbele ya macho yale mawili au matatu yanayotoa kazi. Yaliyobaki unayapitia jioni, na michango unaiona palepale ulipokuwa unaiona siku zote. Halafu ingia kwenye mipangilio ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti na video unapotumia data ya simu. Hatua hiyo peke yake itakuokolea bando kuliko programu yoyote inayodai kubana matumizi.

La VICOBA ndilo lililonisikitisha, kwa sababu mwanachama akishalalamika mbele ya kikao, katibu hana pa kujificha. Daftari la kikundi libaki, lisainiwe kila kikao, hilo ndilo ushahidi. Pembeni yake fungua jedwali la Google Sheets, na hapa nikuombe usifanye kama makatibu wengi wanavyofanya. Wengi huorodhesha majina upande wa kushoto, kisha kila wiki wanaongeza safu mpya: hisa za tarehe fulani, rejesho la tarehe fulani. Ikifika mwezi wa nne jedwali limekuwa refu kuelekea kulia kama reli, na hakuna anayeweza kulisoma kwenye simu. Fanya kinyume: kila muamala mstari wake. Safu ni sita tu: tarehe, jina, aina, kiasi, njia ya malipo, namba ya muamala. Katika "aina" andika hisa, mkopo, rejesho, mfuko wa jamii au faini, na uweke orodha ya kuchagua ili usije ukaandika "rejesho" leo na "marejesho" kesho. Kwenye ukurasa wa pili weka majina ya wanachama, na fomula ya SUMIFS ijumlishe kwa kila jina na kila aina. Ukiingiza mstari mmoja mpya, salio la kila mtu linajirekebisha lenyewe, na siku ya mgao hamkeshi na kikokotoo.

Ile safu ya namba ya muamala ndiyo itakayokuepusha na malalamiko ya aina ile. Mtu akituma rejesho kwa simu, unanakili namba kutoka kwenye ujumbe wa malipo papo hapo. Akilipa taslimu, unaandika "taslimu" na namba ya ukurasa wa daftari. Google Sheets vilevile inatunza historia ya mabadiliko: nani alibadilisha nini, na lini. Wanachama wakilijua hilo, mabishano yanapungua.

Lakini tahadhari. Usilishirikishe jedwali hilo kwa kiungo kinachofunguliwa na yeyote aliyekipata. Mle kuna madeni ya watu. Tangu 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, iliyopitishwa 2022, na hata bila sheria, deni la mama wa jirani kusambaa mtaani ni jambo la kuvunja kikundi. Mpe mwenyekiti na mweka hazina ruhusa ya kutazama kwa anwani zao za barua pepe, na ya kuhariri ubaki nayo wewe. Wanachama wengine uwasomee kikaoni kama kawaida. Na kama una kile kishikwambi walichogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022, kitumie kwa kalenda na maandalio ya masomo, ila hesabu za kikundi usizifungulie humo. Ni mali ya mwajiri na siku yoyote kinaweza kukabidhiwa mwingine.

Kuhusu mafaili sitakaa sana. Akaunti ya Google inakupa GB 15 za bure, zinazogawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha. Tangu 2024 nakala rudufu ya WhatsApp kwenye Android nayo inahesabiwa humo, na hiyo ndiyo sababu umeshangaa kuambiwa nafasi imejaa wakati hujahifadhi kitu. Fungua sehemu ya kusimamia hifadhi ndani ya WhatsApp, anza na mafaili makubwa, futa video za kamati za harusi, na uitoe video kabisa kwenye nakala rudufu. Utapata nafasi ya kutosha uzamili mzima. Vyeti, risiti za ada na barua za kazi vipige kwa kichanganuzi kilicho ndani ya programu ya Drive yenyewe, kinachotoa faili la PDF. Huhitaji programu nyingine ya kuskani. Mojawapo iliyokuwa maarufu sana, CamScanner, iliondolewa kwa muda kwenye Google Play mwaka 2019 baada ya kukutwa na msimbo hasidi ndani ya matangazo yake. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, ndipo maelezo: "2025-02-14 risiti ya ada". Yatajipanga yenyewe.

Skrinishoti unazozipenda zipeleke Google Keep, programu ya Google ya kuandikia noti, kwa sababu Keep inaweza kutoa maandishi yaliyo ndani ya picha na baadaye ukatafuta kwa neno. Kabla ya kulala, futa zilizobaki kwenye simu.

Kwa uzamili, kitu kimoja nakisisitiza ukianze sasa hivi wakati bado una makala chache: Zotero. Ni ya bure, imetoka Chuo Kikuu cha George Mason huko Marekani mwaka 2006, na kazi yake ni kutunza makala na vitabu unavyovisoma, kisha kupanga marejeo ndani ya tasnifu kwa mtindo chuo kinaoutaka. Isakinishe kwenye kompyuta unayoandikia. Nafasi yake ya bure mtandaoni ni MB 300 kwa ajili ya mafaili, na taarifa za marejeo zenyewe hazihesabiwi humo. Mafaili mazito ya PDF yaweke kwenye kompyuta. Nimewaona wanafunzi wakikesha wiki ya mwisho wakitafuta mwaka wa kuchapishwa wa kitabu walichokirudisha maktaba miezi sita nyuma. Makala zenyewe zitafute kupitia Google Scholar, na ukikuta ya kulipia bofya pale palipoandikwa matoleo mengine, mara nyingi mwandishi ameiweka bure mahali.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wa Kiswahili hawalitumii, nami sielewi kwa nini. Kibodi ya Gboard imekuwa ikiandika Kiswahili kwa sauti tangu 2017. Bonyeza kipaza sauti, sema, maneno yanaandikwa. Hukosea majina ya watu na hutupa alama za uandishi ovyo, lakini rasimu ya kwanza ya ukurasa mmoja unaipata huku unakusanya mayai. Kusahihisha kilichoandikwa ni kazi nyepesi kuliko kuukodolea macho ukurasa mtupu.

Uliniuliza pia juu ya dakika ishirini na tano. Ni mbinu iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Francesco Cirillo, Mwitaliano, akiwa mwanafunzi, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: unafanya kazi dakika 25, unapumzika 5, na baada ya mizunguko minne unapumzika zaidi. Kwa kusahihisha madaftari inafaa sana, maana ni kazi ya kuchosha inayohitaji kukatwa. Kwa kuandika tasnifu naiona fupi. Ndio kwanza wazo limekaa sawa, kengele inalia. Jaribu dakika hamsini. Na usipakue programu kwa ajili hiyo. Saa ya simu ina kipima muda, na ukiwasha hali ya kutosumbuliwa ukiruhusu simu za baba watoto na shule ya mtoto tu, imetosha.

Kwa masomo unayofundisha, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada, na tovuti ya Baraza la Mitihani ina taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Hizo za uchambuzi ni dhahabu kwa anayetunga maswali: zinaonyesha swali gani wanafunzi walilielewa vibaya na kwa nini. Pakua za miaka michache ya karibuni siku moja ukiwa na mtandao mzuri, uziweke Drive.

Roboti za kuandika, ChatGPT na wenzake, zina faida kwa rasimu: maswali kumi ya mazoezi, barua ya kuomba ruhusa, muhtasari wa makala ndefu ya Kiingereza. Kwenye Historia ya Tanzania huwa zinatunga mambo kwa kujiamini kabisa, na mtaala ulioboreshwa ulioanza kutekelezwa 2024 usitegemee kwamba zinaufuata. Majina na alama za wanafunzi usiziingize humo.

Kabla hujaanza kuweka maisha yako yote kwenye akaunti moja, ifunge vizuri. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani mbali na neno la siri unaombwa na msimbo, mara nyingi unaotumwa kwa ujumbe kwenye laini yako. Lakini laini zetu hupotea, na simu huibiwa sokoni Memorial kama kwingine kokote, na ukiwa umetegemea ujumbe wa laini hiyohiyo utajifungia nje mwenyewe. Google inatoa misimbo kumi ya dharura. Ichape au iandike kwa mkono, iweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Neno la siri liwe refu na lisiwe lile unalotumia kwingine.

Na la malipo. Hapana, usilipie. Programu hiyo ni nzuri kwa mtu wa mezani niliyemweleza mwanzo, na unachokitaka wewe kalenda ya bure inakifanya. Isitoshe, zana hizi hubadilika bila kukuuliza: Wunderlist, iliyopendwa na wengi, ilifungwa 2020 baada ya kununuliwa na Microsoft, Evernote ilipunguza huduma ya bure mwishoni mwa 2023 ikabakiza noti 50 tu, Pocket, watu walikohifadhi makala za kusoma baadaye, ilifungwa Julai 2025. Popote utakapoweka vitu vyako, uliza kwanza kama unaweza kuvitoa vyote kwa mkupuo. Google inaruhusu hilo kupitia huduma yake ya Takeout, na fanya hivyo mara moja kwa mwaka, likizo ya Desemba.

Sasa zifute hizo kumi na moja, ila usizifute leo. Ingia kwanza Google Play, sehemu ya malipo na usajili, utazame kama kuna yoyote uliyoanzisha kwa majaribio ya bure na ukaingiza kadi au namba ya simu. Sitisha usajili humo, subiri ujumbe wa kuthibitisha, ndipo ufute. Kuiondoa programu kwenye simu hakusitishi malipo, na wapo wanaokatwa kila mwezi kwa programu ambayo hawaikumbuki hata jina.